Damu ya Ilembo, Supu ya Kawajense

Kabla hujavaa glavu, salimia watu wote. Salimia mpaka bibi aliyelala chumba cha ndani na jirani anayechungulia ukutani. Ukimaliza ndipo unawe, uvae glavu mpya na uanze kazi. Najua chuoni hamkufundishwa hivyo. Na mimi sikufundishwa, na ujinga huo uliharibu damu ya familia moja ya Ilembo, nusura umalize kabisa riziki ya mama mmoja wa Kawajense.

Nimestaafu sasa. Nilikaa maabara ya hospitali hapa Mpanda miaka thelathini na kitu, na watoto wa mtaani walinipa jina la Mama Vichupa, ambalo nimelizoea kuliko la ubatizo. Nawaandikia nyie mnaoanza kazi hii mikoani, mnaopiga simu mjini na kuulizwa, "Mpanda? Kwani huko kuna maabara?" Jibuni kwamba ipo, tena jibuni kwa sauti ya kawaida, bila kubembeleza. Mimi nilijibu hivyo miaka yote na sijawahi kujutia.

Aliyenilea kikazi ni Mzee Kasalama, Mpimbwe mmoja mfupi, mkali, aliyekuwa anatega kioo cha darubini kwenye jua la dirishani umeme ukikatika, na hiyo ilikuwa karibu kila siku. Ukimpelekea kichupa kisichoandikwa jina, haulizi mara mbili. Anakimwaga. Siku moja nilimpelekea damu ya mtu mkubwa hapa mjini, nikiwa na hakika kabisa ni ya nani, ila sikuwa nimeandika. Akaniuliza, "Kichupa kimekwambia?" Akamwaga. Nililia kwa hasira, kisha nikarudi wodini kumwambia yule bwana anyooshe mkono tena. Alinitukana mbele ya wagonjwa wote, na damu nikaipata. Mzee Kasalama alinifundisha mambo mengi, lakini lililonifaa kuliko yote ni hilo la kurudi kuomba tena baada ya kuharibu.

Sasa niwape habari ya Ilembo. Majina ya familia nimeyabadilisha, na mwenye habari yake amenipa ruhusa.

Ilikuwa familia ya wakulima wa tumbaku, wazee wao walikuja kutoka Burundi zamani. Kijana wao mmoja, Stivini, alianza kusahau njia ya kwenda shambani kwake. Mwezi uliofuata akawa anayumba kama mlevi, na hakuwa mnywaji. Mikono ikawa inashtuka yenyewe. Tulipima malaria, kaswende, kifua kikuu, homa ya uti wa mgongo, kila kitu kilichokuwa ndani ya uwezo wetu, na kila kitu kikarudi safi. Miezi minne tu akafa. Daktari aliyemwona alihisi ni ugonjwa wa prioni.

Prioni ni protini ya kawaida ya mwili, ipo kwa wingi kwenye ubongo. Taabu huanza moja inapojikunja vibaya, maana hiyo mbovu huwafundisha na wenzake ubaya, na ubongo unatobokatoboka. Tena haisikii dawa zetu. Uichemshe kama unavyochemsha vyombo, uimwagie spiriti, inabaki vilevile. Nilikuwa nimesoma hayo wiki ile ile na nilijiona mtaalamu. Msibani, nimekaa na akina mama, mmoja akaniuliza kijana ameuawa na nini. Ningeweza kusema sijui. Mimi nikasema, "Ni ndugu yake na kichaa cha ng'ombe."

Sentensi moja tu. Kwa wataalamu ni kweli, magonjwa hayo ni ya ukoo mmoja. Lakini akina mama walisikia ng'ombe, na Stivini kila mtu alijua alikokuwa anakunywa supu. Alikuwa mteja wa Mama Zaituni pale Kawajense, mama wa kutoka Kapalamsenga ziwani, aliyekuwa anapika supu ya kichwa cha ng'ombe ambayo madereva na mafundi walikuwa wanaifuata toka alfajiri. Matanga hayajaisha, mji mzima ukawa unasema supu ya Mama Zaituni ina kichaa. Vijana wakapita na kupindua sufuria yake. Kisha wakaja watu wenye mafaili wakamwambia asimamishe biashara kwanza, mpaka uchunguzi ufanyike, na uchunguzi wenyewe hakuna aliyeufanya.

Mimi ndiye niliyeanzisha. Yeye hakujua, na sikumwambia. Nilikuwa nakwepa njia ya kwake kama mwizi.

Baada ya mwaka hivi, kaka yake Stivini, anaitwa Onesmo, akaanza kusahau. Nilipoisikia habari hiyo nilianza kuhesabu. Ndugu wawili, dalili zilezile. Halafu nikakumbuka mama yao aliwahi kusema baba yao naye alikufa "kichwa kikiwa kimechanganyikiwa" na watu wakasema ni pombe. Hapo nikaanza kufikiri hii kitu haikutoka kwenye sufuria ya mtu. Ilikuwa kwenye damu yao. Kuna familia ambazo jeni yao ya prioni ina kosa dogo la kurithi, na kosa hilo hutosha.

Lakini kufikiri si kupima, na kipimo hicho hatukuwa nacho. Kilikuwepo kwenye mradi mmoja wa watafiti jijini, mbali na hapa Mpanda. Wao shida yao kubwa ilikuwa RNA. Jeni fikirieni ni daftari linalofungiwa ofisini, halitoki. Mwili ukitaka kutengeneza protini unatoa nakala ya ukurasa mmoja, na nakala hiyo ndiyo RNA. Sasa nakala hii hailali bapa kama karatasi. Ni uzi mmoja mrefu unaojikunja wenyewe, unatengeneza vitanzi na mafundo. Watafiti wale walitaka kujua nakala ya jeni ya prioni inajikunja vipi, maana kuna mahali wanahisi pana fundo, na kama fundo lipo, pengine siku moja itapatikana dawa ya kulikaza ili protini itengenezwe kidogo. Bado wanabishana wenyewe kwa wenyewe, na wabishane. Kwangu jambo lilikuwa kwamba familia ikiingia kwenye mradi, jeni yake ingesomwa pia. Ila sharti la kuingia lilikuwa RNA ifike nzima. Ikifika imekatika, hawafungui faili.

Na hapo ndipo maajabu ya kazi hii yalipo. Protini ya ugonjwa huu unaichemsha haifi. RNA ya jeni hiyohiyo inakufa ukiigusa. Jasho la vidole vyetu lina vimeng'enya vinavyoikata vipande kabla hujafunga kifuniko. Tulitakiwa kutoa damu na kuimimina palepale kwenye vichupa vyenye dawa ya kuitunza, haraka, bila mkono mtupu kugusa chochote.

Nilikwenda Ilembo na glavu nimeshavaa tangu kwenye pikipiki, ili nisipoteze muda. Naingia uani, ukoo mzima umesimama kunipokea. Baba yao mkubwa, Mzee Nestori, akanyoosha mikono yote miwili. "Amahoro," akasema, salamu ya Kirundi. Wale watu hawasalimii kwa kupunga. Anakushika, anakukumbatia, anaulizia wa kwenu wote, na mikono hajaiachia. Ningemsalimia na glavu, ningemwambia kwamba namwona ni uchafu. Nikavua. Nikasalimia. Nikavaa glavu zilezile, kwa sababu nilikuwa nimebeba jozi moja tu. Nikatoa damu ya Onesmo, nikafungua kifuniko, akaingia shangazi. Nikavua, nikasalimia, nikavaa. Nimemimina nusu, akaja jirani mwenye msalaba shingoni na baraka zake zote. Sikumbuki nilivua mara ngapi. Nilitoka pale nimeshiba viazi vitamu na nimeridhika, najiona mtu mwenye adabu.

Majibu yalikuja kwa simu. Daktari kijana wa mradi, Dokta Elisha, sauti ya upole ya mtu aliyeshakata shauri.

"Mama, RNA yote imekatikakatika. Tumeona tuiache hiyo familia. Mazingira ya huko hayaruhusu."

"Mazingira gani?"

"Joto, vumbi, umeme. Si kosa lako."

"Ni kosa langu," nikamwambia. "Joto halina vidole. Mi ndo nilisalimia watu kumi nikavaa glavu zilezile. Nitumie vichupa vingine."

"Mama, mradi hauna utaratibu wa kurudia."

"Basi uandike leo, baba. Vichupa uviweke kwenye basi la kesho, na glavu pakiti nzima."

Nikamwongezea kwamba akiandika kwenye ripoti yake kuwa Mpanda haiwezi, nitapanda treni mwenyewe nije niisahihishe mbele yake. Alicheka kidogo, na vichupa vikaja. Kumbukeni hilo. Ukikosea, sema umekosea wewe, usikubali lawama ziangukie mahali unapotoka, maana mji ukishaandikwa kwamba hauwezi, wagonjwa wake ndio wanaoachwa.

Nilihitaji kasha la barafu, letu la hospitali lilikuwa limepasuka. Makasha mazuri hapa ni ya wauza migebuka, samaki wa ziwani, na wa karibu aliyekuwa nalo ni Mama Zaituni, kwa sababu kaka yake alikuwa anamletea samaki kutoka Kapalamsenga. Nilikwenda. Nilimkuta amekaa mbele ya kibanda, meko hayana hata jivu la jana.

"Chukua tu," akasema. "Halina kazi. Hata samaki wangu hawanunui, wanasema nao wameshalamba sufuria."

Nilitaka kumwambia. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikabeba kasha nikaondoka, na aibu ya siku ile ninayo mpaka leo.

Ilembo safari hii hawakusimama kunipokea. Onesmo alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, macho yanatazama juu. Huyu alikuwa mtu wa utani, kila akija kupima malaria alikuwa ananiambia nimwachie damu kidogo ya kuvunia tumbaku. Hakunijua.

Mzee Nestori aliongea kabla sijakaa. "Si mlishachukua? Mmeimwaga wapi?"

"Niliiharibu, baba mkubwa. Mwenyewe, kwa mikono yangu."

Nikawaeleza yote, glavu na salamu na vifuniko. Aliyenisikiliza kwa makini ni Beatrise, dada wa Stivini na Onesmo, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, ndiye aliyewauguza wote wawili. Akauliza, "Kwa hiyo salamu zetu ndo ziliharibu?"

"Hapana. Jasho la binadamu yeyote linaharibu. Kosa langu ni kwamba sikujipanga."

"Basi jipange," akasema. "Maana huyu hatakusubiri mara ya tatu."

Nikaweka mkoba chini, nikaanza na Mzee Nestori. Nikamshika mikono yote miwili, nikaulizia mazao, goti lake, watoto wake walioko Katumba. Nikamaliza uwanja mzima, nikaingia chumba cha ndani nikamsalimia mama yao, nikatoka sebuleni nikamshika na Onesmo, ingawa hakujibu. Kisha nikanawa, nikavaa glavu mpya, nikasema, "Kuanzia hapa simsalimii mtu, hata akija mkuu wa mkoa."

Hakuja mkuu wa mkoa, ila alikuja yuleyule jirani wa msalaba, mkono umeshanyooka tangu mlangoni. Beatrise akaruka akaudaka yeye. "Nisalimie mimi," akamwambia. "Mama kafungwa mikono." Akamzungusha nje huku anamuulizia kuku wake. Nawaambia, msaidizi kama yule sikuwahi kupewa na hospitali yoyote.

Mkono wa Onesmo ulikuwa unashtuka. Beatrise aliukumbatia kifuani kwake mpaka ukatulia, nikachoma mara moja tu. Nikamimina, nikafunga, nikaandika jina kama Mzee Kasalama ananitazama. Halafu Beatrise akakunja mkono wake mwenyewe wa gauni. "Na mimi," akasema.

Wakati vichupa vinatulia aliniuliza hao watafiti wanakwenda kutafuta nini ndani yake. Palikuwa na kamba ya kufungia majani ya tumbaku ukutani. Nikaichukua, nikaiachia ijikunje, nikamwonyesha vitanzi na fundo. Alielewa kabla sijamaliza.

"Hii ikijifunga fundo, unayefunga majani lazima usimame," akasema. "Huwezi kwenda haraka."

"Ndicho wanachokitaka. Anayesoma nakala asimame kidogo."

"Na kaka yangu?"

"Kwake tumechelewa, mwanangu. Sitakudanganya."

Akaiviringisha ile kamba taratibu na kuirudisha ukutani.

Onesmo alifariki kabla ya majibu. Dokta Elisha alipiga simu, kitu cha kwanza akalalamika kwamba kasha limenukisha maabara yao yote migebuka. Cha pili akasema RNA imefika nzima, na nzuri kuliko za hospitali nyingine zenye majengo ya ghorofa. Nilipiga meza mpaka darubini ikaruka. Cha tatu akasema jeni imesomwa, na kosa lipo. La kurithi. Supu haikuhusika hata kidogo.

Mimi, mtu mzima, nilitaka kutoka mbio na koti langu jeupe mpaka Kawajense nikapige kelele barabarani. Lakini hamtakiwi kufanya hivyo, na mimi pia sikutakiwa. Majibu ni ya mwenye damu. Akishakufa, ni ya waliobaki nayo. Ikabidi nirudi Ilembo kuwaeleza kwanza wao, pamoja na mtu wa ushauri nasaha aliyetumwa na mradi.

Mzee Nestori alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa. "Likitoka hapa, mabinti zetu hawaolewi," alisema. "Vijana wetu watachungwa, akijikwaa tu watasema kaanza. Tumehangaika miaka mingapi kuonekana watu kama wengine hapa? Likae ndani."

Sikuweza kumpinga, alikuwa anawalinda watoto wake. Nilisema tu kwamba kuna mama Kawajense anateseka kwa ajili ya ugonjwa huu. Akanijibu, kwa haki kabisa, "Maneno hayo sisi hatukuyatoa." Niliumia, maana niliyatoa mimi, kwa mdomo, na sasa mdomo huohuo ulikuwa umefungwa.

Wakati tunaondoka Beatrise aliomba bahasha yenye majibu yake. Yule wa ushauri akamuuliza kama yuko tayari kuifungua, akasema hapana, ila hataki ikae kwa mtu mwingine.

Siku ya tatu akanipigia. "Kesho saa mbili asubuhi uwe kwa Mama Zaituni. Vaa koti lako la kazi."

Mama Zaituni alikuwa ameanza tena kujaribu sufuria ndogo, na kila siku alikuwa anaimwaga kwa kukosa wateja. Nilimkuta Beatrise ameshakaa benchi la mbele kabisa, lile linalotazama kituo cha bodaboda, na nguo ya msiba bado kaivaa. Bodaboda wote wanamjua, wamewazika kaka zake. Wakazima pikipiki.

"Mama Zaituni," akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "nipe supu ya kichwa. Ileile waliyokuwa wanakunywa kaka zangu."

Yule mama akasimama na upawa mkononi. "Mwanangu, una hakika? Watu watasema."

"Wameshasema. Nipe supu."

Akatoa ile bahasha kwenye pochi, bado imefungwa, akaiweka juu ya meza, na bakuli lilipokuja akaliweka juu yake. Akaanza kunywa. Bodaboda mmoja akasogea akauliza, "Dada, sasa kumbe waliugua nini?" Akamjibu, "Hiyo ni ya nyumbani kwetu. Ila haikutoka kwenye hii sufuria, na mimi ndiye niliyewauguza."

Hakutoa siri ya mtu. Hakusema jeni wala damu. Alikunywa tu, mbele ya mji, na juu ya karatasi ambayo huenda imeandika kifo chake.

Mimi nilikuwa bado nimesimama na koti langu jeupe. Hapo nikakumbuka msibani naye alikuwepo, nikajua kwa nini aliniambia nilivae. Kuna jambo moja nililokuwa na ruhusa ya kulisema, kwa sababu lilikuwa langu mwenyewe.

"Mama Zaituni," nikasema, "yale maneno ya kichaa cha ng'ombe niliyasema mimi, msibani. Nilijifanya najua. Supu yako haina kosa, na niliposema sikuwa nimepima kitu."

Nilidhani atanimwagia upawa wa supu, na ningekubali. Akageukia sufuria.

Beatrise akasogea kwenye benchi kunipa nafasi. "Mletee na huyu," akamwambia. "Umwekee na pilipili nyingi."

Niliinywa yote, machozi yananitoka, na mpaka leo nasema ilikuwa pilipili. Tulipomaliza, bodaboda watatu walikuwa wameshakaa. Beatrise akainua bakuli, akaifuta bahasha mchuzi kwa kanga, akairudisha kwenye pochi bila kuifungua. Anayo bado, na msimu huu kalima tumbaku heka mbili.